Tulikwenda Moshi Kutazama Mizani



Mji wa Moshi uko chini ya mlima Kilimanjaro, upande wa kusini. Mlima una urefu wa mita 5,895. Mji wenyewe uko chini kabisa, kwenye mita kama 800 tu. Kwa hiyo mawingu yakifunguka, unauona mlima wote ukiwa umesimama barabarani. Unaona mashamba ya migomba, kisha msitu, kisha mawe matupu, kisha theluji ya Kibo. Lakini nakuonya mapema. Mchana mlima hujificha. Amka alfajiri, au ngoja jioni. Wenzangu wawili walilala mpaka saa mbili asubuhi siku ya kwanza, wakaambulia mawingu.

Hata hivyo hatukwenda kutazama theluji. Mimi ni bwana shamba katika milima ya Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza. Huko wananchi hulima karafuu, mdalasini, iliki na pilipili manga. Mazao haya ni mazuri na bei yake si haba. Lakini shida yetu unaijua, maana huenda ni shida yako pia. Mfanyabiashara huja na fedha wakati pilipili manga ingali mbichi mtini. Mzazi anatafuta ada na sare za shule. Anapokea fedha kidogo, na mti wake unakuwa si wake tena. Siku ya kuvuna, gunia hujazwa mpaka likaota kichwa na kushonewa kofia, na bado huitwa gunia moja. Hakuna mizani. Kuna macho ya mnunuzi tu.

Mwaka 2023 kijiji kilifanya mikutano miwili juu ya jambo hili. Baadhi ya watu walitaka tuanzishe chama cha msingi cha ushirika, ambacho siku hizi watu hukiita AMCOS. Mzee mmoja anayeheshimiwa sana alikataa. Alisema, "Baba yangu alikuwa mwanachama. Mwaka 1976 vyama vikavunjwa. Alikufa akiwa na risiti ndani ya sanduku." Mkutano ulinyamaza. Mzee yule hakusema uongo. Ni kweli mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima.

Basi nilisema, badala ya kubishana hapa, twendeni tukawaone watu walioishi na ushirika kwa miaka mingi. Kijiji kilichanga nauli. Tulichaguliwa watu watano, na yule mzee akiwa mmoja wetu. Mimi mwenyewe niliomba aende. Mtu anayekubali kila kitu hana maswali ya kuuliza. Mwingine alikuwa mama mmoja aliyemaliza darasa la kisomo mwaka uleule. Yeye alikabidhiwa daftari na kalamu.

Njia yenyewe ni rahisi. Kutoka Muheza unakwenda Segera, halafu unashika barabara kuu ya kupitia Korogwe, Mombo, Same na Mwanga. Mkono wa kulia una milima, kwanza ya Usambara, halafu ya Upare. Sehemu nyingi utaiona reli ikienda karibu na barabara. Iangalie vizuri reli hiyo, maana ndiyo iliyouweka mji wa Moshi pale ulipo.

Zamani Moshi haikuwa pale. Moshi ilikuwa juu mlimani, katika nchi ya mangi, yaani mtawala wa Wachaga wa sehemu ile. Misafara ya biashara kutoka pwani, hasa Pangani, ilipanda mpaka huko kununua pembe za ndovu. Wajerumani nao walipokuja walijenga boma lao hukohuko juu. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Ni urefu wa kilomita zipatazo 350. Treni haiwezi kupanda mlima kama mbuzi. Ilisimama chini kwenye tambarare, na mji ukashuka kuifuata. Ndiyo maana mpaka leo kule juu huitwa Old Moshi, yaani Moshi ya zamani. Kuna watu watakaokuambia kwamba mji uliitwa Moshi kwa sababu ya moshi wa treni. Usiwaamini. Jina hilo lilikuwapo kabla ya treni kufikiriwa.

Stesheni bado ipo. Treni za abiria zilikoma kwa zaidi ya miaka 20, halafu mwaka 2019 zikarudi kutoka Dar es Salaam. Mzee wetu alisimama mbele ya jengo lile muda mrefu. Alisema akiwa kijana aliwahi kupakia mkonge kwenye behewa, lakini hakuwahi kujua reli inaishia mji wa namna gani.

Mji ni mdogo. Katikati yake unaweza kupazunguka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Kuna mnara wa saa kwenye mzunguko wa barabara. Kuna soko, misikiti, makanisa na mahekalu ya Wahindi. Na ni mji safi. Mama yetu alimenya ndizi akataka kutupa ganda. Kijana wa bodaboda akamwambia kwa adabu, "Mama, shikamoo. Hapa utatozwa faini." Mama akaliweka ganda ndani ya kikapu, akatembea nalo mpaka jioni.

Mama huyohuyo alikuwa akisoma kila kibao. Wewe uliyejifunza kusoma juzi unajua hali hiyo. Macho hayatulii. Kwenye mtaa mmoja alisoma polepole: "Ri-ndi." Akaniuliza, "Bwana shamba, Rindi ni nani?"

Rindi alikuwa mangi wa Moshi. Mwaka 1885 Wajerumani walimletea karatasi, akaikubali. Karatasi ile iliandikwa kwa lugha asiyoisoma. Yeye aliiona kama urafiki, wao waliiona kama hati ya kumiliki nchi. Rindi alikufa mwaka 1891, na mwanawe Meli akatawala. Mwaka 1892 Meli na askari wake walipigana na Wajerumani wakawashinda, na afisa wao akauawa. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na jeshi kubwa zaidi, Meli akashindwa. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga yeye pamoja na viongozi wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha. Inaelezwa kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Jamaa zake wametumia miaka mingi kukitafuta ili wakizike.

Nilipomaliza, mama aliandika kwenye daftari: "Rindi. Karatasi. 1885." Hakuandika zaidi.

Sasa nije kwenye kahawa. Karibu na mnara wa saa kuna jengo kubwa la umoja wa ushirika wa wakulima wa Kilimanjaro, KNCU. Moshi ndiko kwenye makao ya Bodi ya Kahawa Tanzania, na kwa miaka mingi kahawa ya nchi yetu imeuzwa hapa kwa mnada. Pia kuna kiwanda kikubwa cha kukoboa kahawa. Mtu akipita haraka atadhani wenye mali wa mjini ndio waliojenga vitu hivi. Sivyo. Vingi vilitokana na magunia yaliyoshuka mlimani kwa vichwa vya akina mama na kwa migongo ya punda.

Kahawa ililetwa Kilimanjaro na wamisionari wa Kikatoliki mwishoni mwa karne ya 19, kwenye misheni ya Kilema. Walowezi wa Kizungu walipanda mashamba makubwa. Baada ya vita ya kwanza ya dunia, afisa mmoja Mwingereza, Charles Dundas, aliwahimiza Wachaga nao wapande. Walowezi walikasirika. Walisema Mwafrika hataweza kuilinda miti na magonjwa, na ugonjwa utahamia kwenye mashamba yao. Ukweli mwingine ni kwamba mtu mwenye kahawa yake haendi kuwa kibarua wa mtu.

Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, kiongozi wake akiwa Joseph Merinyo. Kazi yake ilikuwa kulinda miti dhidi ya wadudu na magonjwa, na kulinda haki ya kulima. Chama kile kiliingia katika matatizo, na mwaka 1933 ikaundwa KNCU, ikiwa na vyama vya msingi 11. Mkulima alipeleka kahawa kwenye chama cha karibu na nyumbani kwake. Ilipimwa, akapewa malipo ya kwanza. Kahawa ikishauzwa, alipata malipo mengine.

Usidhani mambo yalikwenda kama maji ya mfereji. Wakulima walilazimishwa kwa amri kuuza kahawa yote kwa umoja. Bei ya dunia ilikuwa ndogo sana. Mwaka 1937 watu katika sehemu fulani walighadhibika, wakavamia maghala ya vyama vyao wenyewe. Mzee wetu aliposikia haya alicheka kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani. "Kumbe!" alisema. "Hata hawa!"

Baadaye bei ilipanda, hasa miaka ya 1950. Fedha za kahawa zilijenga shule mlimani na majengo mjini. Mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kilianzishwa hapahapa Moshi, nacho tangu mwaka 2014 ni chuo kikuu kamili. Halafu ukaja mwaka 1976, KNCU ikavunjwa pamoja na vyama vingine. Mwaka 1984 ikarudishwa. Tangu miaka ya 1990 wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua, bei ikapanda na kushuka, umoja ukabeba madeni, na wakulima wengi wakang'oa kahawa wakapanda ndizi na mboga. Nakueleza yote haya kwa sababu mtu akikupeleka Moshi na kukuonyesha majengo tu, amekuficha nusu ya habari.

Siku ya pili tulipanda Old Moshi. Hapa, msomaji wangu, mimi kama bwana shamba nilisahau hata njaa.

Shamba la nyumbani la Mchaga huitwa kihamba. Juu kabisa kuna miti mirefu, kama mringaringa. Chini ya miti kuna migomba. Chini ya migomba kuna kahawa. Chini ya kahawa kuna magimbi na maharage. Jua halipigi udongo moja kwa moja, wala mvua haiubebi. Ng'ombe hukaa zizini, hazururi. Hula majani na vipande vya migomba, na samadi yake hurudi kwenye migomba. Mwenye nyumba mmoja aliniruhusu nichimbe udongo kwa mkono. Ulikuwa mweusi na laini, na ardhi ile imelimwa na babu wa babu yake. Sisi kwetu Muheza tunapanda pilipili manga kwenye miti hai, na hilo ni jema, lakini samadi tunaiacha ikauke juani mpaka haina nguvu. Jambo hili niliwaambia wenzangu hapohapo, nao hawakubisha.

Katikati ya vihamba inapita mifereji, nayo huitwa mifongo. Ilichimbwa kwa mikono tangu zamani, kabla ya Wazungu. Maji hutolewa kwenye mto juu mlimani, yakaongozwa pembeni mwa kilima mpaka kwa watu. Hakuna bomba, hakuna pampu. Kila mwenye shamba ana zamu yake. Siku ya kuzibua mfongo watu wa ukoo au wa kijiji hutoka wote, na asiyekuja hutozwa. Nilimwambia mzee wetu, "Nadhani ushirika wao ulianza hapa, si mwaka 1933." Alijibu kwamba maji huyaoni yakiibiwa na karani. Niliona ana hoja.

Tulionyeshwa pia mahali palipokuwa boma la Wajerumani, na mti ambao wenyeji husema ndipo Mangi Meli aliponyongwa. Tulisimama hapo kidogo bila kusema kitu. Halafu tukaenda kwenye chama cha msingi cha kijiji, maana ndicho kilichotutoa nyumbani.

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja na ghala. Ndani kuna mizani. Imebandikwa alama ya Wakala wa Vipimo, kuonyesha kwamba imekaguliwa. Karani alitueleza kwamba mizani ya biashara ni lazima ikaguliwe kila mwaka. Alituonyesha daftari. Kila mwanachama ana mstari wake. Kuna jina, tarehe, kilo, na saini. Halafu mwanachama hupewa stakabadhi yenye maneno yaleyale, akaenda nayo nyumbani. Mama yetu aliomba asome mistari mitatu kwa sauti. Alisoma majina, akasoma kilo, karani akamwitikia. Alikosea tarakimu moja, akaisoma tena.

Alikuwapo pale mkulima mmoja mzee, rika la mzee wetu. Baada ya salamu na habari za nyumbani, mzee wetu alimuuliza bila kuzunguka. "Ndugu yangu, nieleze kweli. Ushirika wenu umewahi kuwaibia?"

Yule mkulima hakukasirika. Alisema, "Umewahi. Kuna mwaka tulingoja malipo ya pili mpaka tukachoka kuulizia. Tuliitisha mkutano, tukamwondoa katibu." Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Huyo mnunuzi wenu anayekuja na gari, akiwaibia mnamwondoa wapi?"

Mzee wetu hakujibu. Aliomba daftari, akavaa miwani, akapekua ukurasa baada ya ukurasa. Yeye alijifunza kusoma katika kampeni ya kisomo ya miaka ya 1970, na tangu hapo hakuwa na daftari la kusoma lililomhusu. Alikaa hivyo kwa muda kama wa nusu saa. Sisi tulikunywa chai.

Usiku tuliporudi mjini tulibishana sana. Kijana mmoja kati yetu alitaka tuandikishe chama mara moja, tujenge ghala, tutafute wanunuzi wa Ulaya. Mimi nilisema twende polepole. Chama kinataka hesabu, na hesabu inataka mizani. Chama kisicho na mizani ni mkutano tu. Mama alisema ada za shule hazingoji chama, na kama hakuna njia ya kumsaidia mzazi mwezi wa Januari, pilipili itauzwa tena ikiwa mbichi. Hilo lilikuwa neno zito kuliko yetu sote, na mpaka leo hatujalimaliza. Tumeanza kuweka akiba kidogokidogo katika kikundi, lakini fedha bado hazitoshi kukopesha wote.

Asubuhi mlima ulikuwa wazi. Kibo ilikuwa nyeupe, na Mawenzi pembeni yake ilikuwa nyeusi yenye meno. Tuliutazama tukisubiri basi. Fedha iliyobaki katika mchango tuliipeleka kwenye mkutano wa kijiji, ambao ndio ulikuwa wa tatu. Mama alisoma daftari lake lote mbele ya watu, tangu Rindi mpaka zamu za mfongo. Kijiji hakikuanzisha chama siku ile. Kilikubali kununua mizani kwanza, ikaguliwe na Wakala wa Vipimo, ikae shuleni, na daftari lisomwe hadharani kila Jumamosi.

Gunia la kwanza kupimwa lilikuwa la jirani yangu, lenye kofia. Mnunuzi alisema, kama kawaida, kwamba ni gunia moja la kilo 50. Mizani ilionyesha kilo 64. Watu hawakupiga makofi wala hawakupiga kelele. Walisogea karibu, kila mmoja akataka kuusoma mshale mwenyewe. Mnunuzi alilipa kilo 64 siku ile, na wiki iliyofuata hakuja. Wiki ya tatu alikuja mwingine.

Mpaka ninapoandika haya, watu 43 wamejiandikisha kuwa wanachama pindi chama kitakapoundwa. Jina la mzee halimo. Lakini ufunguo wa chumba cha mizani anao yeye, na Jumamosi hufika kabla ya watu wote.